Kutafuta Ijaza

Zamani, kabla pwani yetu haijawa na chuo kikuu, mwenye kutaka daraja ya juu ya ilimu hakutuma barua ya maombi, bali alipanda chombo akaenda mwenyewe. Ndivyo alivyofanya Sayyid Ahmad bin Sumeyt, mzaliwa wa Itsandraa, Ngazija, mwaka 1861, kadhi mashuhuri wa Unguja, aliyewaendea maulamaa wa Hadhramaut, kisha Istanbul, Misri na Makka. Usaili ulikuwa kusoma kitabu mbele ya sheikh, naye akisikiliza, akisahihisha na kuuliza, hata aliporidhika na ilimu na adabu pia (sharti tukufu mno, kwa maoni yangu), ndipo alipotoa ijaza, yaani idhini ya kusomesha, yenye silsila ya walimu. Miongoni mwa waliosoma kwa Sayyid Ahmad ni Sheikh Abdallah Bakathir wa Lamu, aliyesomesha Ukutani, Unguja.