Kuta Nazo Hushuhudia: Mapambo ya Violezo Makanisani

Tunapoadhimisha miaka 100, tumezoea kuandika habari za wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa, na kufanya hivyo ni vema. Lakini wako mashahidi wengine waliohudhuria kila ibada, wala hatukuwauliza neno, nao ni kuta. Napenda kuwakumbusha washarika na wageni wetu wa Dayosisi juu ya sanaa ndogo iliyopamba kuta hizo, yaani kupaka rangi kwa kiolezo, ambacho mafundi wengi hukiita stensili.

Kuutunza ukuta si jambo geni kwetu Rhotia. Nyumba za wazee wetu zilisiribwa kwa udongo na samadi ya ng'ombe, na kazi hiyo ilirudiwa kila ukuta ulipopasuka. Kusini mwetu, katika miamba ya Kondoa, watu wa kale walichora wanyama na watu kwa rangi nyekundu na nyeupe. Michoro hiyo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kiolezo nacho kina historia yake. Katika Ujerumani ya karne ya 19, nchi walikotoka wamisionari wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, makanisa mengi yalipambwa kwa njia hiyo, kwa kuwa fundi wa kawaida aliweza kupamba ukuta mrefu kwa gharama ndogo.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Fundi huchora ua, jani au msalaba juu ya karatasi ngumu iliyonyweshwa mafuta, au juu ya filamu ya eksirei iliyokwisha kutumika, kisha huukata kwa kisu kikali. Hana budi kuacha vishikizo vyembamba, la sivyo kitovu cha ua, au cha herufi O, kitadondoka. Huvuta uzi ukutani apate mstari ulionyooka, hubandika kiolezo, na kugongagonga kwa brashi ngumu yenye rangi kidogo tu, maana rangi ikizidi huchuruzika. Kisha husogeza kiolezo hatua moja na kurudia. Mara nyingi ukanda huo huwekwa pale rangi ya mafuta ya chini, inayostahimili vumbi letu jekundu na migongo ya wasikilizaji, inapokutana na nyeupe ya juu.

Je, mapambo haya yanapatana na imani yetu? Machi 1522 Martin Luther alirudi Wittenberg kutoka Wartburg, akahubiri mahubiri manane kwa siku nane, kwa kuwa watu walikuwa wameanza kuziondoa na kuzivunja picha makanisani. Alifundisha kwamba picha hazikuamriwa wala hazikukatazwa, mradi zisiabudiwe. Na mwaka 1525 aliandika kwamba angependa matajiri waichoreshe Biblia yote katika nyumba zao, ndani na nje, ili watu wote waione.

Hayo niliyasoma Makumira, na katika mtihani nikayajibu vizuri. Hata hivyo ninalo la kuungama. Nikiwa mchungaji kijana, katika usharika ambao sitautaja, nilikuta ukanda wa misalaba na majani ya mzabibu ukizunguka kanisa zima. Niliuona umepitwa na wakati, nikaagiza ufunikwe kwa rangi nyeupe kabla ya sikukuu. Fundi aliyeupaka alikuwa mzee wa usharika uleule. Jumapili ile, baada ya ibada, alipitisha kiganja ukutani palipokuwa na misalaba, akasema, "Mchungaji, pamekuwa safi." Hakuongeza neno. Alipofariki, watoto wake waliniuliza kama kuna picha ya kazi ya baba yao. Haikuwapo.

Si mimi peke yangu niliyekosa hivyo. Katikati ya karne ya 20 makanisa mengi ya Ujerumani nayo yalipakwa nyeupe juu ya mapambo yao. Miaka ya baadaye mafundi walilazimika kukwangua tabaka kwa tabaka, kwa visu vidogo, ili kuyarudisha. Kufunika ni kazi ya siku mbili. Kufunua huchukua miaka.

Kwa hiyo nawasihi wale watakaokarabati majengo yetu baada ya jubilii hii. Kabla ya kupaka rangi, pigeni picha. Wekeni nailoni angavu juu ya pambo, mlifuatishe kwa kalamu, kisha muandike rangi zake, mwaka na jina la fundi, na kuihifadhi nailoni hiyo katika ofisi ya usharika. Acheni hata kipande kidogo cha ukuta wa zamani bila kukigusa. Nao vijana wafundishwe kukata violezo vyao wenyewe, wapate kupamba kwa mikono yao.

Biblia imelihifadhi jina la Bezaleli, fundi wa hema la kukutania. Nasi tusiyaache majina ya mafundi wetu yapotee chini ya rangi.