Nihon Hidankyo: Historia Fupi ya Jumuiya ya Manusura wa Bomu la Atomiki

Nihon Hidankyo ilizaliwa Nagasaki tarehe 10 Agosti 1956, siku moja baada ya mji ule kutimiza miaka 11 tangu uangushiwe bomu. Katika miaka hiyo yote manusura, ambao Wajapani huwaita hibakusha, walijiuguza wenyewe. Jeshi la Marekani lililoikalia Japani lilibana habari za bomu, na sheria ya kuwatibu haikuwepo. Wengi walificha makovu ili wapate kazi na wachumba. Nasi wa Kiswahili hatuko mbali na habari hii, kwani sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Marekani wa kutengeneza bomu hilo ilichimbwa na Wakongo huko Shinkolobwe, Katanga.

Walioamsha nchi ni wavuvi. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni Bikini, na jivu lenye mionzi likawanyeshea mabaharia 23 wa chombo cha uvuvi cha Kijapani, Daigo Fukuryu Maru. Kuboyama Aikichi, mwendesha redio wao, alifariki Septemba. Akina mama wa Suginami, Tokyo, wakaanza kukusanya saini za kupinga mabomu hayo, na nchi nzima ikawafuata hadi zikapita milioni 30. Ndipo ukaitishwa mkutano wa dunia wa kuyapinga mabomu hayo Hiroshima mwaka 1955, na wa pili Nagasaki mwaka uliofuata.

Ya Nagasaki hayasimuliwi kwa haraka. Watanabe Chieko alikuwa na miaka 16 siku ya bomu, boriti la chuma lilipomvunja mgongo kiwandani, na hakutembea tena. Siku ya mkutano mama yake alimbeba mikononi, akapanda naye jukwaani, na binti akasema mbele ya umati yale aliyoyavumilia chumbani kwa miaka. Mkutano uleule ndio ulioipa dunia jumuiya hii. Tamko lake la kwanza lilikuwa na ahadi mbili: kujiokoa wao wenyewe, na kuwaokoa wanadamu kwa mafunzo ya mateso yao.

Na katika harakati hizi alikuwemo Profesa Moritaki Ichiro, mwalimu wa maadili aliyepoteza jicho la kulia kwa bomu la Hiroshima! Mwaka 1962 aliketi siku 12 mbele ya mnara wa kumbukumbu kupinga majaribio ya nyuklia. Msichana mdogo akapita akiuliza kama kuketi kutazuia kitu. Mzee hakulipuuza swali. Alilitafakari hadi akapata jibu: mfululizo wa mipasuko ya atomu hauna budi kushindwa na mfululizo wa roho za watu.

Miaka ile ya 1960 ilikuwa na misukosuko. Harakati za Japani za kupinga mabomu ziligawanyika kwa sababu ya vyama vya siasa na majaribio ya mabomu ya Wasovieti, na manusura wa Hiroshima wakawa na jumuiya mbili. Tushukuru kwamba Hidankyo yenyewe ilibaki moja.

Yaliyofuata ni mengi. Sheria ya matibabu ilikuwa imepatikana 1957. Ya misaada zaidi ikaja 1968. Mwaka 1982 Yamaguchi Senji aliinua picha ya uso wake ulioungua mbele ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 1994 ikapitishwa sheria ya kuwahudumia manusura. Mwaka 2017 ukapatikana mkataba wa kupiga marufuku silaha za nyuklia, ulioanza kutumika 22 Januari 2021. Mwaka 2024 Hidankyo ikapewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Tarehe 10 Desemba mwaka huo, Oslo, Tanaka Terumi mwenye miaka 92 alihutubia kwa niaba ya wote. Akiwa na miaka 13 alipoteza jamaa watano Nagasaki. Katikati ya hotuba aliiacha karatasi, akarudia kwamba serikali ya Japani haijawahi kuwalipa fidia waliokufa.