Ovadrafti: Jinsi ya kulimaliza deni lisilo na siku ya mwisho

WAHENGA walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Miongoni mwa madeni yote ambayo benki humpa mteja wake, ni machache yanayoutimiza usemi huo kimyakimya kama ovadrafti, yaani ruhusa ya kutoa katika akaunti fedha zaidi ya zile zilizomo. Mkopo wa kawaida huwa na siku ya kuanza na siku ya kumalizika, na kila mwezi mdaiwa hujua amebakisha kiasi gani. Ovadrafti kwa kawaida haina awamu za kulipa. Mteja anaweza kuilipia riba miaka nenda miaka rudi, na deni lenyewe lisipungue hata shilingi moja.

Huduma hii si ngeni. Mnamo 1728, Royal Bank of Scotland mjini Edinburgh ilimruhusu mfanyabiashara William Hogg kutoa hadi pauni 1,000 zaidi ya akiba yake, ili asikwame wakati wateja wake walipochelewa kumlipa. Lengo hilo la kale ndilo lingali lengo halali la ovadrafti: kuziba pengo la siku chache kati ya fedha zinazotoka na zinazotarajiwa kuingia. Taabu huanza pale mteja anapoigeuza kuwa sehemu ya mshahara.

Mtego ulivyo

Mfano wa mwalimu mmoja unatosha kueleza. Kikomo chake cha ovadrafti ni Sh60,000, naye amekwisha kukitumia chote. Mshahara wake baada ya makato ni Sh38,000. Mwisho wa mwezi mshahara unapoingia, deni hushuka hadi Sh22,000, naye huona nafuu. Kisha kodi ya nyumba hulipwa, unga na mafuta hununuliwa, karo na nauli hutolewa. Kabla ya mwezi kufika ukingoni, akaunti imerudi pale pale ilipokuwa. Mshahara mzima umepita mikononi mwake na deni halikuguswa.

Riba ya ovadrafti huhesabiwa kila siku kulingana na kiasi kinachodaiwa siku hiyo, kisha hukatwa kwa jumla, aghalabu mwisho wa mwezi. Ikiwa riba ni asilimia 18 kwa mwaka, deni la Sh60,000 lisilopungua hugharimu takriban Sh900 kila mwezi. Katika muda wa miezi 30, mdaiwa atakuwa amelipa riba ya Sh27,000, na bado anadaiwa Sh60,000 zile zile.

Lakini akilipunguza deni kwa Sh2,000 kila mwezi, mbali na riba, litakwisha katika miezi hiyo hiyo 30, na jumla ya riba itakuwa Sh13,950. Akiweza kutenga Sh5,000, atamaliza kwa mwaka mmoja na riba itakuwa Sh5,850 pekee. Funzo ni kwamba ovadrafti haina siku ya mwisho mpaka mdaiwa mwenyewe aiwekee.

Kujua gharama yote

Hatua ya kwanza ni kuitisha taarifa ya akaunti ya angalau miezi mitatu na kupiga mstari chini ya kila makato. Mbali na riba, benki nyingi hutoza ada ya kuanzisha ovadrafti na ada ya kuihuisha kila mwaka. Mteja anayevuka kikomo alichokubaliwa huweza kutozwa adhabu juu ya riba ya kawaida, na hundi yake ikirudishwa kwa kukosa fedha, hulipia hilo pia.

Kuanzia Septemba 2016 hadi Novemba 2019, sheria ya Kenya ilizizuia benki kutoza riba inayozidi kiwango cha Benki Kuu ya Kenya (CBK) kwa zaidi ya asilimia nne. Kizuizi hicho kilipoondolewa, benki zilirejea kumpangia kila mteja riba kulingana na hatari ya kutolipa. Kwa hivyo, riba aliyopewa jirani si kipimo. Mdaiwa anapaswa kuiomba benki yake imwandikie kiwango anachotozwa na ada zote zinazoandamana nacho.

Kushusha kikomo

Nia njema peke yake haitoshi, kwa kuwa fedha za ovadrafti huwa wazi kutolewa usiku na mchana. Njia ya hakika ni kuiandikia benki ishushe kikomo kidogo kidogo, kwa mfano Sh2,000 kila mwezi mara tu mshahara unapoingia. Kiasi kilichokwisha kulipwa hakiwezi tena kukopwa. Mwalimu wa mfano uliotolewa ataanza na kikomo cha Sh60,000, mwezi unaofuata Sh58,000, kisha Sh56,000, mpaka kiishe.

Kiasi hicho kitengwe kabla ya matumizi mengine, wala kisingoje mabaki, maana mwisho wa mwezi hakuna mabaki. Kiwe kiasi ambacho familia inaweza kukivumilia mwaka mzima. Anayeahidi Sh8,000 kisha akashindwa mwezi wa pili hurudi nyuma kuliko aliyeahidi Sh1,500 akazitimiza.

Kuhamisha deni

Njia ya pili ni kuiomba benki iigeuze ovadrafti kuwa mkopo wa kawaida unaolipwa kwa awamu. Mara nyingi benki haikatai, kwani deni lenye ratiba ni rahisi kufuatiliwa. Kwa mdaiwa kuna faida nyingine: kwa kawaida ovadrafti ni deni ambalo benki ina haki ya kulidai lote wakati wowote, ilhali mkopo wa awamu humpa muda maalum mradi analipa.

Kabla ya kutia sahihi, mambo matatu yahakikishwe: kwamba riba mpya iko chini ya ile ya awali, kwamba ada za kuanzisha mkopo hazimezi nafuu hiyo, na kwamba ovadrafti imefungwa siku ile ile. Asiyeifunga hujikuta na madeni mawili.

Wanachama wa vyama vya ushirika vya akiba na mikopo wana mlango mwingine. Sacco nyingi hutoza asilimia moja kwa mwezi kwa deni linalosalia. Kwa kiwango hicho, deni la Sh60,000 likilipwa kwa Sh2,000 kila mwezi hugharimu riba ya Sh9,300, badala ya Sh13,950. Hata hivyo, mkopo wa sacco huhitaji wadhamini, na mdaiwa akishindwa, mzigo huwaangukia wenzake kazini.

Walioajiriwa wakumbuke pia kwamba Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato yote kuzidi thuluthi mbili za mshahara. Ikiwa makato yamefika hapo, hakuna nafasi ya mkopo mwingine kupitia hati ya malipo.

Mikopo ya simu

Kosa linalowaangamiza wengi ni kulipa ovadrafti ya benki kwa mikopo ya simu. Fuliza, iliyozinduliwa Januari 2019 na Safaricom pamoja na benki mbili, nayo ni ovadrafti. Hutozwa ada ya kuifungua na ada ya kila siku, na fedha zozote zinazoingia katika M-Pesa hukatwa kwanza kulipia deni. Ada zilipopunguzwa Oktoba 2022, waliokopa kiasi kisichozidi Sh1,000 walisamehewa ada ya siku tatu za kwanza.

Ada ya kila siku huonekana ndogo kwa kuwa hutajwa kwa shilingi. Lakini Sh6 kwa siku juu ya deni la Sh600 ni asilimia moja kila siku, kiasi ambacho mwanachama wa sacco hulipa kwa mwezi mzima. Mwenye madeni kadhaa aanze kumaliza lile linalokula zaidi kwa kila shilingi, hata kama si kubwa kuliko yote, huku akiendelea kulipa kiwango cha chini kwa mengine.

Fedha zikikosekana kabisa

Kuna miezi ambapo hata Sh1,000 haipatikani. Chakula, makao na dawa ndivyo vya kwanza. Hakuna deni la benki linalostahili kulipwa kwa njaa ya watoto. Lakini ukimya ni hatari. Barua inayoeleza mapato, matumizi na kiasi kinachoweza kulipwa, ikipelekwa kabla ya kushindwa kulipa, humpa meneja wa tawi sababu ya kurefusha muda au kupunguza adhabu. Nakala yenye muhuri wa benki ihifadhiwe.

Deni lisilolipwa kwa siku 90 kwa kawaida huhesabiwa kuwa limeharibika, na jina la mdaiwa huweza kupelekwa kwa mashirika ya kuhifadhi taarifa za mikopo (CRB). Benki inatakiwa kumpa ilani ya siku 30 kabla ya kufanya hivyo, nayo taarifa mbaya hubaki katika rekodi kwa miaka mitano baada ya deni kulipwa. Kila mtu ana haki ya kupata ripoti yake bila malipo mara moja kwa mwaka, na kupinga kosa lililomo.

Ipo pia kinga ambayo wadaiwa wengi hawaifahamu. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika Mei 2007, kinasema kwamba deni likishaharibika, riba inayoongezwa haiwezi kuzidi kiasi kilichokuwa kikidaiwa wakati huo. Deni lililoharibika likiwa Sh60,000, benki haiwezi kudai zaidi ya Sh120,000, ukiondoa gharama za kulifuatilia. Anayedaiwa zaidi ya hapo ana haki ya kuuliza hesabu.

Siku deni linapokwisha, kazi moja husalia: kuomba barua ya benki inayothibitisha kwamba ovadrafti imelipwa na kikomo kimefutwa. Kile kiasi kilichokuwa kikitengwa kila mwezi kiendelee kutengwa, safari hii katika akiba, ili ugonjwa au karo ya ghafla isimrudishe mtu kule alikotoka. Dawa ya deni ni kulipa. Na dawa ya kutokopa tena ni kuwa na chochote kabla ya shida kubisha hodi.