UAT ni Nini? Jinsi ya Kupanga Jaribio la Mfumo Kabla Mteja Hajakataa Kulipa

Sema umejenga mfumo wa mauzo wa duka fulani pale Buxton, karibu na zile fleti mpya. Kwa laptopu yako uko fiti kabisa. Siku ya kwanza dukani stima inapotea, meseji ya M-Pesa inachelewa, laini ya wateja imefika nje. Mwenye duka anasema huu si mfumo alioagiza. Doo ya awamu ya mwisho? Sahau.

Jaribio la kuzuia hii noma wasee wa teki huiita UAT. Hapa anayejaribu ni mtumiaji mwenyewe. Wewe ulishaangalia kama mfumo unafanya kazi. Yeye anaangalia kama unafanya kazi YAKE.

Kwa nini ni muhimu?

Kumbuka uchaguzi wa Machi 4, 2013. Vifaa vya kutambua wapiga kura vilikwama vituo vingi. Kwingine betri ziliisha na hakukuwa na stima ya kuchaji, makarani wakarudi kwa daftari la karatasi. Baadaye sheria ikaitaka IEBC ijaribu teknolojia yake angalau siku 60 kabla ya uchaguzi mkuu. Hata hivyo, siku chache kabla ya kura ya 2017, tume ilisema vituo zaidi ya 11,000 kati ya 40,883 havina netiweki ya 3G wala 4G.

M-Pesa nayo ilijaribiwa kuanzia Oktoba 2005 na wateja chini ya 500, Nairobi na Thika. Wazo lilikuwa kulipa mikopo midogo. Watu wakaanza kutumiana pesa wenyewe, Safaricom ikaona, na Machi 2007 ikazindua huduma ya kutuma pesa.

Panga hivi

1. Andikeni maana ya "imepita". "Mfumo uwe na spidi" haipimiki. "Malipo yakiingia, risiti itoke ndani ya sekunde 10" inapimika. Mteja asaini hii orodha kabla hujaanza kazi.

2. Chagua wajaribu. Bosi peke yake hatoshi. Weka msee wa kaunta, wa stoo na yule wa hesabu, kila mtu na kazi zake za kila siku.

3. Jaribu mahali penyewe. Safaricom ina uwanja wa majaribio wa Daraja. Anza huko, halafu malizia dukani kwa malipo ya kweli ya bob 10, kwa netiweki ya hapo na simu za hapo, hata kabambe.

4. Andika mikosi pia. Stima ipotee katikati ya mauzo. Mteja akosee PIN. Alipe mara mbili. Alipe pungufu. Kila kisa kiwe na jibu linalotarajiwa.

5. Panga uzito wa kasoro. Hesabu kukosea inasimamisha kila kitu. Rangi ya kitufe inaweza kungoja. Kubalianeni mapema ni zipi zinazuia kusaini.

6. Tenga muda wa duru 2. Ya kwanza inatoa kasoro, unarekebisha, ya pili inathibitisha. Usiweke jaribio wiki ya Idi wakati duka limejaa.

7. Taja anayesaini. Mtu mmoja, jina lake kwa mkataba, na awamu ya mwisho ifungwe na hiyo saini.

Mteja akiitisha kitu kipya katikati ya jaribio, cheki ile orodha mliyosaini. Kama hakimo, hiyo si kasoro, ni kazi nyingine na ina bei yake. Mwambie kwa heshima, lakini iwe kwa maandishi.