Rashidi Kawawa, Mtetezi wa Wafanyakazi Aliyetoka Kwetu

Ndugu wanachama, katika kitabu hiki cha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu nimeombwa kuandika habari za mtu aliyewatetea wafanyakazi. Nimemchagua marehemu Rashidi Mfaume Kawawa, aliyezaliwa mwaka 1926 katika wilaya ya Songea ya siku zile. Hakuwa wakili wa kuvaa joho, alikuwa karani. Lakini zamani zile mfanyakazi Mwafrika hakuwa na fedha za kumlipa wakili, na kazi ya kumsemea mbele ya tajiri wake iliwaangukia watu wa namna hiyo.

Yapasa tukumbuke waliotetewa walikuwa akina nani. Wengi walikuwa babu zetu. Kutoka milima ya Umatengo na ufuko wa Ziwa Nyasa, vijana walitembea kwa miguu hata Songea, wakaandikishwa, wakapelekwa kwenye mashamba ya katani ya Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba yake. Ujira ulifuata kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi, na siku aliyougua mtu haikuhesabiwa. Walikwenda kwa sababu kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha huku kwetu ilikuwa haba mpaka kahawa ilipoenea.

Kawawa alisoma Tabora, akaajiriwa na Serikali, hata akaigiza katika filamu za Kiswahili. Aliongoza chama cha watumishi Waafrika wa Serikali, na Oktoba 1955, vyama vya wafanyakazi vilipoungana kuwa Shirikisho la Wafanyakazi wa Tanganyika, TFL, yeye akawa Katibu Mkuu. Watumishi wa Serikali walikuwa wamekatazwa kujiunga na TANU, naye akaacha kazi. Mimi niliye katibu nalistahi sana jambo hilo: mtu kuacha mshahara wa hakika ili ashike kalamu ya chama kichanga!

Sasa nafika penye ugumu. Januari 1962 Mwalimu Nyerere alijiuzulu Uwaziri Mkuu, na Kawawa akashika mahali pake. Mwaka ule ule zikapitishwa sheria za kwamba kila mgogoro wa kazi upelekwe kwanza kwenye usuluhishi, kisha kwenye baraza ambalo uamuzi wake hauna budi kufuatwa. Mgomo wa halali ukawa karibu hauwezekani. Wenzake wa jana walipinga. Mwanzoni mwa 1963 Victor Mkello, kiongozi wa wafanyakazi wa mashamba, alipelekwa Sumbawanga kwa amri ya Serikali. Mwaka 1964, baada ya maasi ya askari, TFL ilivunjwa na badala yake ikaundwa NUTA, ambayo Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais.

Waliomtetea walisema kwamba nchi changa haiwezi kujengwa kwa migomo, na kwamba mkulima ndiye mwenye kuumia bandari inapofungwa. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwetu tunaosafirisha kahawa mbali. Hata hivyo, siwezi kusahau kwamba aliyeifunga silaha ya mgomo ndiye aliyeijua thamani yake kuliko wengi.

Nasi wana ushirika tuna deni letu la kumdai. Mwaka 1976, yeye akiwa Waziri Mkuu tena, Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika nchini kote, kikiwemo cha Wangoni na Wamatengo kilichoanzishwa mwaka 1936. Si haki kumtwika yeye peke yake amri ya Serikali nzima, wala haifai kuficha kwamba baadhi ya vyama vilikuwa na madeni na wizi. Lakini mwanachama mwenye mali hakuulizwa. Ilipasa kungoja sheria ya 1982 ndipo vyama vikuu viruhusiwe tena.

Kawawa alifariki Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2009, akazikwa Madale.