Kiwanja cha Mwadui na Njia ya Binti Mcheza Gofu

Mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 17, Carlota Ciganda wa Pamplona, Hispania, alitwaa ubingwa wa gofu wa Uingereza wa wachezaji wa kike wa ridhaa. Mwaka 2012, katika msimu wake wa kwanza kati ya wanawake wa kulipwa barani Ulaya, alimaliza akiongoza orodha ya mapato. Akashinda mara mbili katika LPGA, ligi ya wanawake ya Marekani, mwaka 2016. Na Septemba 2023, huko Finca Cortesín, nchini kwao, alimshinda Nelly Korda wa Marekani na kuihakikishia Ulaya kubaki na Kombe la Solheim, linaloshindaniwa na wanawake wa Ulaya na Marekani.

Kipaji chake hakina shaka. Lakini kipaji hicho kilikuta njia imekwisha kulimwa: klabu karibu na nyumbani, shirikisho linalotunza vijana, kisha Chuo Kikuu cha Arizona State. Kwa nini binti wa Shinyanga asiipate njia hiyo?

Jibu la haraka ni kwamba gofu inataka ardhi, maji na fedha. Jibu hilo halitoshi, kwa sababu Shinyanga kiwanja kipo. John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aligundua mwamba wa almasi wa Mwadui mwaka 1940, na kando yake ukakua mji wa kampuni wenye hospitali, shule, uwanja wa ndege na kiwanja cha gofu, vyote ndani ya uzio. Mji mdogo wa Maganzo uko jirani kabisa. Kinachokosekana ni lango.

Kwenye soka lango lilifunguliwa. Geita Gold, timu ya Halmashauri ya Mji iliyodhaminiwa na mgodi wa dhahabu wa Geita, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2021, na msimu wake wa kwanza tu mshambuliaji wake George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17. Fedha ya mgodi, basi, inaweza kumtengeneza mchezaji. Imezoea kumtengeneza wa kiume.

Na kwa binti, umri nao unauma. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa mkoani Shinyanga asilimia 59 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Katika umri ambao Ciganda alichukua ubingwa wa Uingereza, wengi wao walikuwa tayari na nyumba za kuendesha. Gofu haitamaliza tatizo hilo, na asiyekiri hivyo anadanganya. Ila binti mwenye mwalimu, ratiba ya mazoezi na mashindano ya mwakani ana sababu moja zaidi, inayoonekana na wazazi, ya kubaki shuleni.

Afrika Mashariki ina mfano. Rose Naliaka, Mkenya wa kwanza wa kike kucheza gofu ya kulipwa, alianzisha kituo cha kufundisha wasichana. Na kuanzia 2019 Vipingo, Kilifi, nchini Kenya, ilipokea mashindano ya ligi ya wanawake ya Ulaya. Tanzania ina Madina Iddi na Angel Eaton, wachezaji wa gofu waliokwisha kuiwakilisha nchi.

Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanaulazimisha mgodi kuandaa kila mwaka mpango wa kusaidia jamii na kukubaliana na mamlaka ya serikali za mitaa. Halmashauri ya Wilaya ya Kishapu, ulipo mgodi wa Mwadui, inaweza kudai humo saa za mazoezi Mwadui kwa wasichana wa shule zake, seti chache za fimbo na mwalimu mmoja wa kudumu.