Kiti cha Vijana: Miaka Arobaini Tangu Budapest

Katikati ya mwaka 1984, wajumbe wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani walikutana Budapest, Hungaria, kwa Mkutano Mkuu wa saba. Miongoni mwa maamuzi yao kulikuwa na hesabu mbili: wanawake wapate asilimia 40 ya viti, na vijana asilimia 20. Kijana, kwa kipimo cha Fungamano, ni mtu ambaye hajapita miaka 30. Mwaka 2024 uamuzi huo ulitimiza miaka 40.

Huko Katanga, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, jambo hili lina uzito wake. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Kongo, lenye makao makuu Lubumbashi, kilomita 120 hivi kutoka mji wa Likasi, lilipokelewa katika Fungamano mwaka 1986. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu Budapest. Kwa hiyo tangu siku lilipoingia, Walutheri wa Kongo wamekuwa katika jumuiya ambayo tayari ilikuwa imeahidi kumpa kijana kiti na kura.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Fungamano lilizaliwa Lund, Sweden, mwaka 1947, wakati Ulaya ilipokuwa magofu, na Mlutheri mmoja kati ya sita duniani alikuwa mkimbizi au mtu aliyefukuzwa kwao. Kazi ya kwanza ilikuwa kulisha watu na kuwapatia makazi. Sauti ya Afrika ilianza kusikika kwa pamoja mwaka 1955 huko Marangu, chini ya Kilimanjaro, Walutheri wa bara hili walipofanya mkutano wao wa kwanza. Kuanzia 1963 ikaja redio ya Fungamano iliyorusha matangazo kutoka Addis Ababa. Vipindi vyake vya Kiswahili vilitayarishwa Moshi, katika studio ya Sauti ya Injili. Serikali ya Ethiopia iliitwaa redio hiyo mwaka 1977.

Mwaka huohuo Mkutano Mkuu ulifika Afrika kwa mara ya kwanza, jijini Dar es Salaam. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, mtoto wa Kagera aliyeanza kazi kama mwalimu, akachaguliwa kuwa Rais, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Mkutano ukatamka kwamba ubaguzi wa rangi kusini mwa Afrika unagusa kiini cha imani, wala si suala la siasa peke yake. Kibira ndiye aliyekuwa bado Rais wakati wajumbe wa Budapest walipopiga kura kuhusu viti vya vijana.

Asilimia peke yake haimfanyi mtu kiongozi. Kijana anayeingia ukumbini kwa mara ya kwanza, akakuta maaskofu wanaojua kila kifungu cha katiba, anaweza kukaa wiki nzima bila kufungua mdomo. Ndiyo maana kabla ya kila Mkutano Mkuu vijana wana mkutano wao wa maandalizi. Wanafika siku kadhaa mapema. Wanasoma Biblia pamoja, wanajifunza jinsi hoja inavyoletwa na inavyorekebishwa, wanabishana kuhusu sentensi moja hadi usiku, kisha wanaandika ujumbe utakaosomwa mbele ya wote. Lugha rasmi ni Kiingereza, Kijerumani, Kihispania na Kifaransa. Kijana wa Katanga anafuata kwa Kifaransa, wa Arusha kwa Kiingereza. Wakikutana kwenye chai, wanarudi kwenye Kiswahili na kumalizia mabishano humo.

Mfano ulio wazi ni Dresden, Ujerumani, Julai 2010. Vijana waliokusanyika pale kabla ya Mkutano Mkuu wa Stuttgart waliyaweka mabadiliko ya tabianchi mbele, wakayapeleka kwa wakubwa zao kama suala la haki kwa kizazi kitakachorithi dunia. Hawakuachia hapo. Tangu mazungumzo ya Umoja wa Mataifa ya Durban mwaka 2011, ujumbe wa Fungamano katika vikao vya tabianchi umebebwa zaidi na vijana. Mwaka 2015 Baraza la Fungamano likajifunga kwamba kazi zake zitaacha kuongeza hewa ya ukaa ifikapo 2050.

Likasi inalijua suala hilo kwa upande wake mwingine. Shaba na kobalti zinazotafutwa kwa ajili ya betri na nyaya za nishati mpya zinatoka katika ardhi hii, na wanaozichimba kwa mikono wengi ni vijana. Mwaka 2017 vijana wa Kilutheri walikutana Ondangwa, kaskazini mwa Namibia, kabla ya Mkutano Mkuu wa Windhoek ulioadhimisha miaka 500 ya Matengenezo ya Kanisa. Mada ndogo za Windhoek zilikuwa tatu: wokovu hauuzwi, wanadamu hawauzwi, uumbaji hauuzwi. Mbili za mwisho zinaweza kujadiliwa Shituru au Panda, mitaa ya Likasi, bila kuhitaji maelezo marefu. Miaka sita baadaye, vijana walikutana Wisła, Poland, kabla ya Mkutano Mkuu wa Kraków.

Kwa kanisa lenye viti vichache, hesabu ya Budapest inaleta swali gumu kila mara: nani aende? Msichana wa miaka 25 akitumwa, kanisa limetimiza sehemu zote mbili za ahadi kwa mara moja. Lakini ni lazima awe ameshaongoza kikao, ameshaandika muhtasari, ameshatoa hesabu ya fedha za kwaya mbele ya wazee. Mazoezi hayo yanafanyika usharikani, katika umoja wa vijana, miaka mingi kabla ya barua ya mwaliko kufika.